Umechomwa testosteroni na viatu vimeanza kubana? Weka Lasix pembeni kwanza

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa msomaji wa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Yuko kwenye tiba ya testosteroni, yaani homoni ya kiume, sindano ya miligramu 250 kila baada ya wiki tatu, na ameshachomwa mbili. Siku kumi baada ya ile ya pili, mzani umepanda kutoka kilo 84 hadi 87. Uso umeumuka, na jioni akivua soksi anakuta zimechora mfereji juu ya kifundo cha mguu. Duka la dawa wamemuuzia Lasix, dawa ya kukojoza maji. Anachouliza ni ameze vidonge vingapi kwa siku.

Kaka, kwa sasa usimeze hata kimoja. Tuanze na hizo kilo tatu.

Mafuta hayaji kwa kasi hiyo. Ili uongeze kilo 3 za mafuta ndani ya siku kumi, ungelazimika kula zaidi ya kalori 2,000 za ziada kila siku, na mtu anayekula hivyo hana haja ya kuuliza amenenepa kwa nini. Msuli ndio kabisa, huo hujengwa kwa miezi. Kinachoongeza uzito haraka namna hiyo ni maji, na lita moja ya maji ni kilo moja.

Maji hayo yameshikwa na figo. Testosteroni yenyewe huzifanya figo zirudishe chumvi mwilini badala ya kuiachia kwenye mkojo. Juu ya hapo, sehemu ya testosteroni hugeuzwa kuwa estradioli, homoni ya kike, na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho kimejaa kwenye mafuta ya mwili. Estradioli nayo huzuia chumvi isitoke. Ndiyo maana mwenye kitambi huvimba kuliko mwembamba aliyepewa dozi ile ile.

Fikiria dripu ya chumvi ya hospitali: kila lita ina gramu 9 za chumvi. Maji yaliyo nje ya seli zako yana chumvi karibu ya kiwango hicho hicho. Kwa hiyo ukibakiza lita tatu, umebakiza kama gramu 27 za chumvi. Zigawe kwa siku kumi, unapata chini kidogo ya gramu 3 kwa siku, yaani kama nusu kijiko cha chai. Hapo ndipo watu wanaponibishia, kwamba nusu kijiko hakiwezi kumvimbisha mtu mzima. Kinaweza, kikibaki ndani kila siku.

Sasa angalia sahani zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyokwisha kuwekwa jikoni. Supu ya mbuzi asubuhi unaongezea chumvi kabla hata hujaonja. Nyama choma inakuja na kilima cha chumvi pembeni. Viungo vya mchuzi vya paketi, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, soseji, zote zinahesabiwa. Halafu kuna magadi, ambayo watu wengi huwa hawayahesabu kabisa. Magadi si chumvi ya mezani, lakini yana sodiamu nyingi, na sodiamu ndiyo inayoshika maji. Mlenda wenyewe hauna neno. Punguza magadi, au siku nyingine upike bila hayo. Makande vilevile: loweka mahindi na maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Maji ya kunywa usipunguze. Najua inaonekana kinyume, mtu amejaa maji halafu aambiwe aendelee kunywa. Lakini tatizo ni chumvi, na kwa upepo mkavu wa Dodoma kati ya Juni na Oktoba, asiyekunywa anaishia na damu nzito. Testosteroni tayari huongeza chembe nyekundu za damu. Kipimo chake ni hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, na ikizidi asilimia 54 sindano husimamishwa mpaka ishuke. Kunywa mpaka mkojo uwe wa njano hafifu, na siku ya kupima damu usiende umekaukiwa, maana hata kipimo kitasoma juu kuliko hali halisi.

Lasix nayo inafanya kazi kweli, na ndiyo hatari yake. Utakojoa, mzani utashuka siku ile ile, utafurahi. Ila inatoa potasiamu pamoja na maji: misuli inakakamaa, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Inazidisha uzito wa damu niliousema. Na ukiiacha, figo hushika chumvi kwa nguvu zaidi, uvimbe unarudi, unameza tena. Ni dawa nzuri sana kwa moyo au figo zilizoshindwa, chini ya daktari na vipimo vya damu. Haikutengenezwa ili viatu vikutoshe.

Kabla ya kuilaumu sindano, kagua dawa nyingine unazotumia. Diklofenaki na ibuprofeni, hizi tunazomeza kama karanga kwa mgongo na magoti, huzuia figo kutoa chumvi. Prednisoloni na deksamethasoni pia. Amlodipini ya presha huvimbisha vifundo kwa njia nyingine kabisa: inapanua mishipa midogo na maji yanavuja, hivyo hata ukila bila chumvi uvimbe huo unaweza kubaki. Usiiache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia, zipo za kubadilisha. Na kama unatumia kreatini ya gym, ile huvuta maji ndani ya msuli, haileti kishimo kwenye ngozi ukiibonyeza.

Sasa ratiba ya sindano, ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye kosa kubwa. Miligramu 250 kila wiki tatu ni wastani wa kama 83 kwa wiki, dozi ya kawaida tu. Tatizo ni kilele. Sustanon, kwa mfano, sindano mojawapo ya testosteroni, ina esta nne, yaani maumbo manne ya testosteroni yanayoachia homoni kwa kasi tofauti, na moja kati yake, propionati miligramu 30, inaachia haraka sana. Siku za kwanza homoni inaruka juu, estradioli inafuata, unavimba. Wiki ya tatu umechoka kama hujawahi kuchomwa. Kiasi kile kile kikigawanywa kila wiki, mawimbi hupungua. Lakini usigawanye ampuli nyumbani: ampuli ikishavunjwa shingo haihifadhiwi, kinachobaki ni cha kutupa. Mwulize daktari kuhusu maumbo mengine ya testosteroni: enanthati au sipionati ya kichupa cha dozi nyingi, au undekanoati ya miligramu 1,000, ambayo baada ya dozi ya pili katika wiki ya sita huchomwa kila wiki 10 hadi 14, taratibu, kliniki, ukakaa chini ya uangalizi.

Vijana wa gym watakuambia umeze anastrozoli kuua estradioli. Mwanaume anaihitaji estradioli kwa mifupa na hamu ya tendo. Ukiishusha sana, viungo vinauma na mifupa inadhoofika.

Pima hivi. Mzani kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya chai, nguo zile zile, andika. Bonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kumi. Kishimo kikibaki, ni maji. Presha pima umeketi dakika tano, miguu imekanyaga chini, mkono mtupu usawa wa moyo. Ikirudia kufika 140/90, rudi kliniki kabla ya sindano nyingine. Ukiwa umetoka kukaa saa nyingi kwenye basi la Mwanza, usipime jioni hiyo, miguu ya kila abiria imevimba.

Haya hayasubiri daftari: mguu mmoja tu umevimba na unauma, pumzi inakatika ukilala chali, kifua kinabana, moyo unadunda ovyo, mkojo una povu lisiloisha, au macho yanavimba kila asubuhi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Utafiti wa TRAVERSE wa mwaka 2023, wenye wanaume zaidi ya 5,000, haukuona ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi, lakini uliona damu kuganda kwenye mapafu, mapigo ya moyo kuvurugika na figo kuumia vikitokea zaidi kwa waliopewa testosteroni.

Na kama hujamaliza kuzaa, ujue sindano hii huzima utengenezaji wa mbegu. Ulipaswa kuambiwa kabla ya ya kwanza.

Kwako wa Nkuhungu: wiki mbili za chumvi kijiko kimoja kwa siku, diklofenaki pembeni, daftari la mzani na presha. Kabla ya sindano ya tatu omba hematokriti, kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu na kipimo cha mkojo. Halafu mwulize daktari kama kuna majibu mawili ya testosteroni ya siku tofauti, yaliyochukuliwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi kabla ya kula. Kama lipo moja tu la saa nane mchana, mjadili kwanza kama sindano ulikuwa unaihitaji.