Albamu yetu ya kwanza imepondwa, tuifute?

SWALI: Shikamoo kaka. Tuko wanne, tunapiga rock, bendi yetu iko Tabata. Tumetoa albamu ya kwanza, hela ya studio tumejichanga miezi nane. Mchambuzi mmoja kaiponda vibaya sana, kasema rock ni makelele ya wazungu, alafu drams zetu zinalia kama mtu anagonga ndoo. Mpiga besi anataka tuifute mtandaoni tuhamie bongo fleva. Usingizi sipati. Tufanyeje? Mpiga gita, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msifute, tafadhali sana.

Hilo la wazungu lisikuumize kichwa. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa rock, kazaliwa hapo Unguja, Mji Mkongwe, mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, ni boti tu kutoka hapa Posta unafika kwao. Na albamu ya kwanza ya bendi yake, Queen, ndo nataka nikusimulie maana nyie mmenikumbusha ile kabisa.

Walirekodi London, studio ya Trident, ila sio kama wateja wa kawaida, walikuwa wanapewa masaa ambayo hamna mtu, wenye hela wakishatoka ndo wao wanaingia, usiku wa manane huko mpaka asubuhi. Kazi imeisha mwishoni mwa 1972 ikakaa tu inasubiri kampuni, mpaka Julai 1973 ndo ikatoka. Singo ikadoda. Magazeti ya muziki ya Uingereza mengine yakawaponda kweli kweli, wakati kule Marekani jarida la Rolling Stone likawasifia, yaani albamu ni ile ile moja! Ndo maana nasema mchambuzi akikwambia rock ni makelele hapo anakueleza sikio lake, hamna cha kurekebisha, muache.

Ila la drams msilipite juu juu. Queen wenyewe drams za ile albamu hawakuwahi kuzipenda, walitaka zivume, studio ikawapa sauti kavu iliyobanwa, na jambo hilo halikuwatoka moyoni, kwani mwaka 2024 albamu imetolewa upya na miksi mpya, miaka 51 baadae, na drams ni moja ya vitu vilivyorekebishwa. Kwa hiyo kaeni na prodyuza, msikilize kwenye spika ya kawaida, hata ya kwenye gari, kama ni ndoo kweli basi ni ndoo, mtengeneze.

Kingine, na hiki nakipenda kuliko vyote. Mwisho wa ile albamu kuna kipande kifupi hakina maneno, kimekatishwa kama vile hawakumaliza, kinaitwa Seven Seas of Rhye. Wakakimalizia, wakakiweka kwenye albamu ya pili, 1974, kikaingia kumi bora Uingereza, ndo hit yao ya kwanza hiyo. Na ile ya kwanza iliyopondwa nayo ikaingia chati za kwao baada ya hapo, ikafika namba 24. Wangeifuta je?

Sasa rudi kwenye albamu yenu utafute kile kipande mlichokiacha njiani. Mpiga besi mwambie asubiri kwanza. Mkishamiksi upya drams nitumieni wimbo hata mmoja, nitausikiliza wote.