Anaota magego na anaharisha: maji kwanza, fizi baadaye

SWALI: Mwanangu ana miezi 15. Magego yanachomoza, fizi zimevimba, mate yanamtoka hadi nguo inalowa kifuani. Tangu juzi anaharisha choo cha maji, mara tano au sita kwa siku, na nikimpa kikombe cha maji anakitapika chote. Majirani wanasema ni meno tu, yakishatoka kutakoma. Nimempaka jeli ya ganzi niliyouziwa dukani. Nifanye nini zaidi?
Mama wa Temeke

JIBU: Pole sana mama. Usisubiri meno. Kuota meno huleta mate, muwasho wa fizi, usingizi wa mang'amung'amu na pengine joto kidogo la mwili. Hakuleti choo cha maji mara tano kwa siku. Mambo haya mawili hukutana kwa sababu ya umri: kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako imeshapungua, anakula chakula cha wote nyumbani, anatembea kila mahali, na kwa kuwa fizi zinamwasha, kila anachookota anakitia mdomoni. Vijidudu vinapita hapo hapo.

Kinachomdhuru mtoto anayeharisha ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini, kwa hiyo anza leo hii na ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaochanganywa na maji. Soma pakiti kwanza, maana zipo za lita 1 na za nusu lita. Chemsha maji, yaache yapoe, yapime kwa chupa ya kipimo hicho, kisha mimina pakiti nzima na ukoroge. Wengi hukosea hapa: wanagawa unga kwa macho ili kutengeneza kikombe kimoja kimoja. Ukizidi, chumvi inamdhuru, ukipungua, haimsaidii. Usiongeze sukari wala juisi, usichemshe tena baada ya kuchanganya, na kilichobaki baada ya saa 24 ukimwage.

Kila anapoharisha mpe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Kuhusu kutapika, mtoto ana kiu, anagugumia kikombe kizima, na tumbo lililochafuka linakirudisha. Weka kikombe pembeni, chukua kijiko cha chai. Kijiko kimoja kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa, na tumbo halijashtuka. Akitapika tena, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.

Tafadhali usikate tamaa siku ya pili ukiona bado anaharisha. Kazi ya ORS ni kurudisha maji yaliyopotea, si kufunga choo. Kuharisha kwenyewe huweza kuchukua siku kadhaa, mara nyingi si zaidi ya wiki.

Pamoja na ORS, omba vidonge vya zinki kwenye zahanati au duka la dawa. Kwa umri wake ni miligramu 20, mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Weka kidonge kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa yako, kiyeyuke, umnyweshe. Maliza siku zote hata kama choo kimekuwa kizuri siku ya tatu, kwa sababu zinki pia hupunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo.

Mnyonyeshe kila anapotaka. Mpe chakula chake cha kawaida kilicholainishwa: uji, mtori, wali laini, ndizi mbivu, kidogo kidogo mara nyingi. Soda, juisi za pakiti na chai yenye sukari nyingi ziache, sukari hiyo inavuta maji kwenda kwenye utumbo na choo kinazidi. Usimpe dawa ya kufunga choo, wala Flagyl au antibayotiki nyingine bila kupimwa.

Jeli ya ganzi iache. Nyingi zina benzokaini, ambayo haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili: inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Ukiona midomo au kucha zinageuka buluu au kijivu, kimbilia hospitali. Fizi zisugue taratibu kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji ya baridi yaliyochemshwa akitafune ukiwa naye. Maumivu yakimzidi, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Ibuprofeni iepuke wakati anaharisha, kwa kuwa figo za mtoto aliyepungukiwa maji huumia kwayo.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja asubuhi ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, analegea au haamki vizuri, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, hakojoi kwa saa sita, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Homa nayo isiachwe: apimwe malaria.

SWALI: Mjukuu wangu wa miezi 7 ana homa na anaharisha. Mganga wa mtaani amemfungua mdomo akanionyesha vivimbe viwili vyeupe kwenye fizi, akasema ni meno ya plastiki, yang'olewe leo la sivyo atakufa. Mama yake yuko safarini. Nikubali?
Bibi, Morogoro

JIBU: Shikamoo bibi. Usikubali, tunakuomba sana. Vivimbe hivyo ni machipukizi ya chonge. Kila mtoto anayo, mzima na mgonjwa, na kwa kawaida chonge hutoka kati ya miezi 16 na 23. Yakichimbuliwa sasa huonekana laini kama plastiki kwa sababu jino halijakomaa. Huchimbuliwa kwa spoki ya baiskeli, msumari au wembe, na watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa vijidudu kuingia kwenye damu. Hatari ya pepopunda na VVU ipo, na chonge za ukubwani huweza kuota vibaya au zisiote kabisa. Watu humwamini mganga kwa kuwa kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, naye anasifiwa.

Mpeleke mjukuu kituoni leo na kadi yake ya kliniki. Kipimo cha malaria ni tone la damu ya kidole, majibu ndani ya nusu saa. Mwambie mhudumu uliyoambiwa kuhusu meno, aangalie mdomo mbele yako. Njiani mpe ORS kwa kijiko.

SWALI: Ni usiku, pakiti ya ORS sina na duka limefungwa. Nichanganye nini?
Baba wa wawili, Tanga

JIBU: Maji safi lita 1 yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vya usawa, vikwanguliwe kwa mgongo wa kisu. Kijiko cha chumvi kilichojaa ndicho hatari. Onja kabla ya kumpa mtoto: ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Asubuhi tafuta pakiti na zinki.