Midomo inayopasuka Dodoma si dalili ya upungufu wa oksijeni

Ndugu yangu, umeeleza kwamba tangu uhamie Dodoma kutoka Tanga mwezi Juni midomo inakupasuka, ukauliza kama hewa ya huku ina oksijeni kidogo. Mchanganyiko ni uleule: katika hewa kavu naitrojeni ni asilimia 78, oksijeni 21, na sehemu ndogo iliyobaki ni argoni na gesi nyingine. Kinachotofautiana ni mvuke wa maji, ambao pwani huweza kufikia asilimia 3 hivi, ilhali huku wakati wa kiangazi hushuka sana, hivyo hewa hufyonza unyevu popote inapoukuta, hata kwenye ngozi yako. Utazame mtungi wa udongo: mwezi Agosti maji yake hupoa vizuri mno, kwa sababu yale yanayopenya hadi nje ya udongo hukauka upesi na kuondoka na joto, lakini Januari, mvua zikinyesha, ubaridi huo hupungua. Nakusihi upake mafuta ya mgando mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina majimaji, na unywe maji bila kusubiri kiu.