Barua kwa mwanangu kuhusu kambi ya Baringo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ununue hema la kitambaa kizito au chepesi, kwa kuwa mnataka kupiga kambi Ziwa Baringo na watoto wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula, jua likiwa kali. Hema lolote linalopitisha hewa litawafaa. Mimi nataka tuzungumze juu ya kivuli.

Hapa Nakuru tuko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kule mtakuwa kwenye mita 1,000 hivi. Mtoto aliyezoea kuvaa sweta asubuhi hawezi kulizoea joto la Marigat, mji ulio karibu na ziwa hilo, kwa siku moja.

Hujaisahau ile safari ya kanisa. Kiongozi wa msafara aliamuru mahema yote yapangwe kwa mstari mahali peupe ili yapendeze, ilhali migunga ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Baba yako alimsihi kwa adabu, akajibiwa mbele ya watu kwamba tunawadekeza watoto. Kufikia saa nne asubuhi ndani ya mahema hapakukalika, na adhuhuri dada yako aliumwa kichwa, akatapika, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Nilimkimbiza chini ya mgunga nikamlowesha maji mwili mzima, baba yako akimpepea kwa kanga yangu, hadi gari la kumpeleka hospitali likapatikana. Alipona, namshukuru Mungu, lakini neno lile la kudekeza bado linaniunguza, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuomba radhi.

Ndiyo maana nasema kivuli kwanza, hema baadaye. Lisimamisheni upande wa magharibi wa mti, ili jua la asubuhi lisiwafikie mapema, na mchana msilale ndani yake. Utaniambia kwamba miti mizuri iko ukingoni mwa ziwa; ni kweli, lakini viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi, kwa hiyo muulizeni mwenyeji njia zao kabla ya kuchagua mti.

Laiti mngengoja Agosti! Lakini Agosti mkeo hapati ruhusa kazini, na watoto hawa wanakua upesi. Nami nakumbuka jinsi ulivyofurahi usiku ule wa kwanza ukihesabu nyota na baba yako, kabla ya yote hayo. Sitasema msiende, ingawa ulimi unaniwasha. Kivuli kwanza, mwanangu. Mtungi wa lita 20 uko stoo, pitieni mwuchukue mkienda.

Mama yako