Godauni la Tabata au la Kibaha?

SWALI: Tuna maduka sita ya vyakula na vifaa vya nyumbani: Mwenge, Sinza, Kimara, Mbezi, Tabata na Ilala. Stoo yetu ya Kariakoo imetushinda kwa foleni. Dalali katuonyesha magodauni mawili, moja Tabata kando ya Barabara ya Mandela, jingine Kibaha kwa nusu ya kodi hiyo. Tuchukue lipi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: La Tabata, mradi geti lake lisiwe kikwazo. Makontena yanatoka bandarini na kupanda Mandela hadi Ubungo. Mkiyapeleka Kibaha, mzigo unapita Kimara na Mbezi, unakwenda kulala huko, kesho unarudishwa kwenye maduka yale yale uliyoyapita.

Hesabuni mizunguko, si kilomita. Tuseme mnahitaji safari 15 za Kanta kwa siku ya kazi ya saa 10. Mzunguko ukichukua saa 2, pamoja na kupakia na kushusha, kila Kanta inakwenda mara 5. Magari matatu yanatosha. Mzunguko ukichukua saa 3 na nusu, kila moja itakwenda mara 2 tu, na mtahitaji manane. Nafuu ya kodi inaishia kwenye dizeli na posho za madereva. Msikubali muda anaoutaja dalali: tumeni gari lenu alfajiri, kisha saa 2 asubuhi, kisha saa 11 jioni.

Sasa geti. Semi yenye kontena la futi 40 ina urefu wa mita 16 hadi 17. Isipopata uwanja wa mita 30 hivi mbele ya mlango wa kushushia, itaingia kinyumenyume kutoka barabarani na kuziba njia, na trafiki hawako mbali. Godauni likiwa kushoto mtokapo bandarini, gari linakata na kuingia. Likiwa kulia, litatafuta pa kugeuzia mbele, na si kila mahali semi inageuka. Kama kuna kipande cha vumbi kutoka lami hadi getini, waulizeni mafundi gereji wa jirani kinakuwaje Aprili.

Kabla ya kulipa, ulizeni TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, mpaka wa hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati. Uwanja wa kugeuzia ukiwa ndani ya mita hizo, dalali anawakodishia eneo la serikali.