Mbegu ya mzee au mbegu ya dukani?

Ndugu yangu wa Kakuyuni, huko Kilifi, umeuliza kama uache mahindi ya mdzihana, mbegu ya kienyeji ya Pwani aliyokuachia mzee wako, ukope fedha ununue mbegu chotara (inayotokana na kuchanganya aina tofauti za mahindi), mbolea na dawa ya magugu kwa ekari zako tatu. Nakusihi usikope kwa ajili ya shamba zima. Panda chotara nusu ekari kwa misimu miwili, kisha upime mwenyewe.

Chotara huzaa vizuri mvua na mbolea zikitosha. Lakini ukihifadhi punje zake na kuzipanda tena, mazao hushuka na mimea haifanani, kwa hiyo kila msimu utarudi dukani. Kule Punjab, India, mapinduzi ya kilimo ya miaka ya 1960, yaliyotegemea mbegu mpya, mbolea na maji ya kumwagilia, yaliongeza ngano kwa wingi, na hilo si jambo dogo kwa nchi iliyoogopa njaa, ila maji ya visima yamezidi kuzama na wakulima wengi wameelemewa na madeni.

Mdzihana una kinga yake. Shika hindi moja lililokaa darini juu ya moshi wa jiko, utaona maganda yamelibana mpaka nchani, ndiyo maana fukusi hapati pa kuingilia kwa urahisi.

Dawa ya magugu naikataa waziwazi, kwa sababu zile zinazoua kila jani zitaondoka na kunde ulizochanganya na mahindi, pamoja na mnavu na mchicha ambao watoto wako huchuma kwa mboga ya jioni.