Wali Kwanza, Samaki Baadaye: Ushauri kwa Anayetaka Kuzipima Hoteli za Lamu

Rafiki zangu wanaokuja Lamu hunitaka niwatajie hoteli yenye chakula kizuri, na wengi wao hushangaa ninapowajibu kwamba waingie yoyote yenye watu, waagize wali wa nazi na mchuzi wa siku hiyo, kisha waamue wenyewe. Mimi si mpishi wala sikusomea mapishi. Ni mlaji tu aliyezoea kula nje na kuandika baadaye alichokila. Katika mazoea hayo nimeona kwamba watu wengi huihukumu hoteli kwa chakula chake cha fahari, yaani kambakoche au kaa wa kuchoma, ilhali sehemu kubwa ya utamu wa vyakula hivyo imetoka baharini ikiwa tayari. Kambakoche aliyetoka asubuhi Kizingitini, kijiji cha wavuvi kisiwani Pate, akipata chumvi, ndimu na moto wa makaa, hahitaji fundi. Wali wa nazi ni kazi ya mkono wa mpishi tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu hiyo ndio ninaoutumia kuwa kipimo.

Wali mzuri huanzia kwenye nazi. Nazi iliyokomaa hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa, likatoka tui zito la kwanza, ambalo huwekwa kando. Machicha huongezwa maji na kukamuliwa tena, likatoka tui jepesi. Mchele hutiwa katika tui jepesi linalochemka pamoja na chumvi, na maji yanapokaribia kukauka ndipo tui zito linapomiminwa, sufuria ikafunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko ili wali uive kwa moto wa juu na wa chini. Huhitaji kuingia jikoni ili ujue kama hatua hizi zilifuatwa. Nawa mikono, weka kijiko pembeni, uchukue wali kidogo kwa ncha za vidole kabla hujautia mchuzi. Punje ziwe zimeachana na bado ziwe laini hadi kiini, vidole vibaki na mafuta mepesi ya nazi, na chumvi iwe imeingia ndani ya punje. Ukisikia ukali kidogo nyuma ya utamu, tui lilikaa kwenye joto likaanza kuchacha. Ukikuta mafuta ya kupikia yanang'aa chini ya sahani huku harufu ya nazi ikiwa hafifu, nazi ilipunjwa na mafuta yakatiwa ili mlaji asitambue. Mimi huomba pia ukoko, kwa kuwa naupenda na kwa kuwa hoteli yenye ukoko wa kukupa ni hoteli iliyopika sufuria hiyo mchana huo huo, haikupasha moto wali wa jana.

Wali ukikuridhisha, hapo ndipo inapofaa kumfikia samaki, na kwa Lamu samaki wa kujaribia ni samaki wa kupaka. Chakula hiki kina utaratibu wake: samaki hupasuliwa, hukolezwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili, huchomwa juu ya makaa hadi akaribie kuiva, kisha hupakwa tui zito lililochemshwa na manjano na ukwaju, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Tui hilo linapaswa kushikamana na nyama ya samaki na kuungua kidogo pembeni. Hoteli zenye haraka humkaanga samaki kwa mafuta na kummwagia mchuzi wa nazi juu yake, na chakula hicho huenda kikawa kitamu, lakini siyo kilichoandikwa ubaoni. Mgeuze samaki utazame upande wa chini: alama za waya wa kuchomea zikikosekana na ngozi ikiwa imekauka kote kwa usawa, ametoka kwenye karai. Katika maandishi yangu sisemi kwamba hoteli kama hiyo inapika vibaya. Nasema kwamba imeuza samaki wa kukaanga kwa jina na bei ya samaki wa kupaka, na msomaji huelewa.

Samaki mwenyewe hutegemea upepo, na jambo hili wageni wengi hawalihesabu. Kusi linapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari kuu huchafuka na vyombo vidogo haviendi mbali, kwa hiyo kinachopatikana zaidi ni samaki wa ndani ya miamba na mikoko, wakiwamo tafi na changu. Kaskazi linapoingia mwishoni mwa mwaka na bahari ikatulia, nguru na jodari huwa wengi zaidi sokoni. Mhudumu akikwambia, "Leo hakuna nguru, kaka, bahari imechafuka, lakini tafi wako wazuri," usimhesabie kosa. Ameisifu hoteli yake pasipo kujua. Wa kutiliwa shaka ni yule ambaye orodha yake ya vyakula haibadiliki mwaka mzima na kila samaki yupo kila siku, kwa kuwa samaki huyo huenda anaishi ndani ya friza.

Kuhusu jodari na nguru nina tahadhari moja ambayo sitaifupisha. Samaki wa jamii hii wakikaa kwenye joto bila barafu, bakteria hugeuza kemikali iliyomo katika nyama yao kuwa histamini, na histamini haiondolewi kwa kupikwa, kuchomwa wala kugandishwa. Dalili yake ni ladha ya kuwasha au ya pilipili mahali ambapo hapana pilipili, ulimi na midomo ikachonyota, na baadaye uso ukawa mwekundu na kichwa kikauma. Niliwahi kuipata ladha hiyo katika hoteli moja ambayo sitaitaja. Niliacha kula papo hapo, nikamwita mwenye hoteli kando, nikamweleza kwa sauti ya chini, naye akasema jodari huyo alikuwa na ndimu nyingi. Ndimu haiwashi midomo dakika kumi baada ya kumeza. Mtu akikutana na hali hiyo aache chakula, amwambie mwenye hoteli ili wengine wasipewe, na akizidiwa aende hospitali. Kumaliza sahani kwa sababu umeshalipa ni ubahili usio na faida.

Saa ya kula nayo ina uzito mkubwa katika hukumu. Biriani ni chakula cha Ijumaa katika nyumba nyingi za pwani, na hoteli nyingi hufuata desturi hiyo, kwa hiyo anayetaka kulipima biriani aende Ijumaa watu wanapotoka msikitini, wakati sufuria imefunguliwa punde. Biriani letu wali wake hupikwa peke yake na masala yake peke yake, yakakutana kwenye sahani, na kwa hiyo onja kila kimoja mbali na mwenzake. Masala hutegemea vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa rangi ya kahawia na nyama iliyolala kwenye maziwa mala na viungo. Ukionja nyanya ya kopo kuliko vitunguu, mpishi alikuwa na haraka. Anayelila biriani hilo hilo Jumamosi jioni, kisha akaandika kwamba halina ladha, ameandika habari ya kiporo.

Wala si lazima uwe na pesa nyingi ili uanze. Hoteli ya chai iliyo ndani ya kichochoro cha Langoni itakupa mahamri na mbaazi za nazi kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu, na mahamri yana mengi ya kusema: yawe yamefura na kuwa na uwazi ndani, yanukie iliki, na ukiyabana yasiache mafuta mkononi. Mbaazi ziwe zimepasuka bila kuvurugika. Mkate wa mofa uule ukiwa moto, kwa kuwa ukipoa hukakamaa, na mpishi hana lawama.

Wahakiki wa chakula wa Ulaya hujificha. Mwongozo wa Michelin, kitabu kinachopima hoteli za chakula, ulioanzishwa Ufaransa mwaka 1900 na kampuni ya matairi ili wenye magari wapate sababu ya kusafiri, ulianza kutoa nyota mwaka 1926, na wakaguzi wake hula bila kujitambulisha na hulipa bili zao. (Kampuni ya matairi ingepata tabu kupata wateja katika mji ambao mizigo yake hubebwa na punda.) Kanuni ya kulipa tunaweza kuifuata, kanuni ya kujificha ni ngumu hapa, maana katika mji mdogo kama huu mwenye hoteli anakujua wewe, anamjua baba yako, na ameshasikia kwamba unaandika. Dawa niliyoiona ni kuagiza kilichomo ndani ya sufuria tayari, wala si chakula kinachopikwa baada ya kuingia kwangu, na kutazama sahani ya jirani. Nikiona vipande vyangu vya nyama ni vikubwa kuliko vyake, naandika habari za sahani yake. Nikiletewa juisi ya ukwaju ya bure, nainywa kwa shukrani, kwa sababu kuikataa ni utovu wa adabu, na naiandika kwamba ilikuwa ya bure.

Tofautisha pia ukawiaji na uzembe. Mtu aliyezoea Nairobi hulalamika kwamba alingoja saa nzima, lakini samaki anayewashiwa makaa baada ya kuagizwa hawezi kuwa tayari kwa dakika kumi na tano, na akiwa tayari kwa dakika hizo ndipo penye swali. Ushauri wangu ni kupita hotelini mapema, kuagiza, kwenda kuzunguka sokoni kando ya Ngome ya Lamu au Usita wa Mui, yaani njia kuu ya ndani ya mji, kisha kurudi. Kwa upande mwingine, kungoja muda huo huo kwa ajili ya chai na chapati ni uzembe na kuandikwe hivyo.

Hoteli za Usita wa Pwani, njia ya ukingoni mwa bahari, zinazowapikia wageni waliokuja kuuona mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 zinahitaji kipimo chake. Ninyi na mimi tunaweza kununa kwamba mchuzi umepunguzwa pilipili, lakini mpishi amempikia aliyeketi mezani. Ninachouliza hapo ni mambo mawili: je, kilicholetwa ndicho kilichoandikwa, na je, bei inalingana na kilicho katika sahani? Tambi na piza siziandiki. Sina ujuzi wa kuzipima, na yupo Mwitaliano mjini Malindi atakayefanya kazi hiyo kwa hasira zinazostahili.

Unapoandika, taja siku, saa, msimu, bei na ulichokula, ueleze ladha kwa kinachoonekana na kuguswa. "Tamu sana" haimsaidii msomaji. "Chumvi imekolea lakini tui ni jepesi" humsaidia, na mpishi mwenyewe akiisoma anajua pa kurekebisha. Kabla ya kuandika neno zito rudi tena siku nyingine, kwa kuwa gesi huisha, mpishi huugua, na nazi mbaya huingia katika gunia la mtu yeyote. Nyuma ya hoteli nyingi za hapa ipo familia moja, mama jikoni na mtoto mezani, na andiko la hasira husambaa katika simu za mji kabla magharibi haijaingia.

Kuna vipindi ambavyo mimi huacha kabisa kuhukumu. Mchana wa Ramadhani hoteli nyingi hufungwa, na zile zinazofungua jioni huwa zimeelekeza nguvu kwenye futari. Wakati wa Maulidi, wageni wanapomiminika kwa ajili ya shughuli za Msikiti wa Riyadha, kila jiko hupikia watu wengi mno kuliko uwezo wake, na wali hutoka ukiwa na kiini kigumu hata kwa wapishi ninaowaheshimu. Katika siku hizo nala kinachopatikana na kuweka kalamu mfukoni. Nje ya vipindi hivyo, jambo ninalolifuatilia zaidi ni mahali alipo mpishi. Mpishi akihamia hoteli ya pili, sifa nilizoiandikia hoteli ya kwanza nazifuta siku hiyo hiyo, hata kama bango, meza na mwenye hoteli ni wale wale, kisha naulizia mtaani amekwenda kupika wapi.